Taa Isitobolewe

Imekuwa kaida miongoni mwa waungwana wanaounda mifano midogo ya meli, ndege na vyombo vya anga, na kaida hiyo imekaa muda wa kutosha hata ikavaa joho la hukumu, kwamba mtu akitaka kuunganisha taa ya LED na uzi wa nuru, ule ambao mafundi wa mjini huuita faiba, sharti kwanza ashike keekee, akitoboe kichwa cha taa mpaka karibu na moyo wake, autie uzi ndani ya tundu, kisha alizibe tundu hilo kwa supa gluu. Kila anayeingia katika kazi hii huambiwa hivyo na aliyemtangulia, naye, kabla hajakamilisha mfano wake wa pili, huwaambia hivyo wanaomfuata. Hoja yao ni fupi, na kwa ufupi wake huvutia: uzi uliozama ndani ya taa uko karibu zaidi na chanzo cha nuru, na aliye karibu na chanzo hupata zaidi. Nakusudia kuipinga hoja hiyo toka shina mpaka tawi, si kwa inda wala kwa kupenda ubishi, bali kwa kuwa mifano mingi mizuri imezimika kabla ya ajali yake kwa sababu ya tundu lile.

Insafu yataka neno la mpinzani lisemwe kwa ukamilifu kabla halijajibiwa. Si uongo kwamba uzi mmoja wenye unene wa milimita 1, ukipenyezwa tunduni hata ukakikaribia kichembe kinachowaka, aghalabu hutoa nuru kali kuliko uzi ule ule ukigusishwa tu juu ya taa nzima. Aliyelifanya jaribio hilo mezani pake, akaliona kwa macho yake, hakudanganyika katika alichokiona. Alipokosea ni pale alipoichukua hukumu ya uzi mmoja, juu ya meza, kwa usiku mmoja, akaifanya kuwa sheria ya nyuzi 70 ndani ya meli iliyofungwa sitaha zake, kwa miaka.

Hebu kwanza tuutazame uzi wenyewe. Uzi unaouzwa kwa kazi zetu hufanywa kwa akriliki, nao umevikwa utando mwembamba wa plastiki ya namna nyingine ambayo huipinda nuru kwa uchache zaidi: kipimo cha mpindo wa nuru katika moyo wa uzi ni kiasi cha 1.49, na katika utando ni kiasi cha 1.40. Siri yote imo katika tofauti hiyo ndogo. Nuru ipitayo ndani kwa mlalo wa kutosha, ikifika ukingoni haipati ruhusa ya kutoka. Hurudishwa ndani, ikaugonga upande wa pili, ikarudishwa tena, na kwenda hivyo hata ikatokea mwisho wa uzi. Jambo hili Jean-Daniel Colladon aliwaonyesha watu wa Geneva mwaka 1841 kwa mkondo wa maji uliopinda pamoja na nuru iliyokuwamo ndani yake, na John Tyndall akalionyesha London mwaka 1854, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai leo kuwa elimu hii ni ngeni au imefichwa. Walakini ruhusa ya kuingia nayo ina mpaka wake. Kwa uzi wa akriliki, nuru itokayo hewani na kuufikia mdomo wa uzi katika pembe isiyozidi digrii 30 kutoka mstari wa katikati hukubaliwa na kusafirishwa. Ile ijayo kwa mshazari mkubwa kuliko huo huingia kweli, lakini hupenya utando na kupotea ubavuni. Mdomo wa uzi hauli kila kinacholetwa mbele yake, na fundi asiyelijua hilo atahangaika kuongeza nuru ilhali tatizo lake ni mwelekeo wa nuru.

Sasa tuigeukie taa. LED ya kawaida ya milimita 5, ile yenye miguu miwili na kichwa cha mviringo, haikupewa kuba juu yake kwa ajili ya pambo, wala kuba hilo si kifuniko cha kukinga vumbi. Ni lenzi. Kichembe kilicho ndani, kilichokalia kikombe kidogo chenye kung'aa, hutoa nuru ya kutapakaa. Kikombe huirudisha mbele, na kuba huikusanya na kuitoa kama mwale mmoja wenye upana wa digrii 15, au 20, au 30 kwa jumla, kwa kadiri ya aina uliyoinunua. Mwale wenye upana wa digrii 30 kwa jumla una digrii 15 tu kila upande wa mstari wa katikati, maana yake karibu wote umo ndani ya ile ruhusa ya digrii 30 ambayo uzi unaikubali. Ukitaka kuiona thamani ya lenzi hiyo, ilinganishe na taa bapa isiyo na kuba, ambayo hutapanya nuru yake kwa upana: ya namna hiyo, hata ukiiweka mbele ya nyuzi kwa ustadi wote, ni kiasi cha robo tu ya nuru yake inayoangukia ndani ya pembe inayokubaliwa, na robo tatu huwa sadaka ya giza. Kiwanda basi kimekwisha kuifanya kazi ngumu ya kuielekeza nuru, kikaifanya kwa usahihi ambao mkono wa mtu hauwezi kuufikia; naye fundi wetu, kwa nia njema kabisa, anaichukua keekee na kuibomoa lenzi hiyo, akaacha mahali pake shimo lenye sakafu ya mikwaruzo inayoitawanya nuru pande zote.

Watajibu, na nimewasikia wakijibu, kwamba gundi angavu huijaza mikwaruzo, na kwamba isitoshe gundi huondoa hewa iliyo kati ya taa na uzi, hewa ambayo wao huisema kana kwamba ni ukuta. Tuupime ukuta huo. Nuru ikivuka kutoka plastiki kwenda hewani, au kutoka hewani kwenda plastiki, kwa kuelekea moja kwa moja, hupoteza kiasi cha asilimia 4 kwa kurudishwa nyuma. Kuna nyuso mbili za kuvuka, uso wa taa na uso wa uzi. Jumla ya hasara ni kama asilimia 8, kiasi ambacho hakuna mtazamaji, hata awe na macho ya kipanga, atakayekitambua katika dirisha la meli lenye ukubwa wa kichwa cha pini. Hiyo ndiyo khofu iliyowafanya watu watoboe taa! Tena hewa hiyo wanayoilaumu inawatumikia. Nuru inapotoka hewani na kuingia katika uzi hupindwa kuelekea katikati, na kupindwa huko ndiko kunakoufanya uzi uweze kukubali digrii 30. Ukiiondoa hewa, ukauzamisha uzi katika utomvu mgumu wa taa ambao mpindo wake ni sawa na wa uzi, msaada huo unatoweka, na uzi hubaki ukikubali digrii 19 na nusu tu. Ukaribu walioununua kwa keekee wameulipia kwa wembamba wa mdomo.

Nisingelishikilia sana jambo la pembe kama hasara zingeishia hapo, maana uzi mmoja mnene, kama nilivyokiri, bado waweza kutoka na faida. Lakini ndani ya taa, juu ya kile kichembe, umo uzi mwembamba wa madini, aghalabu wa dhahabu, mwembamba kuliko unywele, ambao ndio njia pekee ya umeme kukifikia kichembe. Keekee ikiteremka sehemu ya milimita kupita kiasi, uzi huo hukatika na taa ikafa papo hapo. Na hiyo ni bahati njema, kwani aliyeiua mezani ameijua. Maafa ni kwa yule ambaye keekee yake iliugusa tu, au joto la kupekecha likautikisa, taa ikawaka vyema siku ya majaribio, ikazimika baada ya sitaha kugundishwa na rangi kukauka.

Na hapo sijaisema bado supa gluu, ambayo kwangu mimi ni mshitakiwa mkubwa kuliko keekee. Gundi hiyo ina mvuke, na mvuke wake ukinaswa mahali pembamba hutua juu ya plastiki iliyo karibu na kuacha utando mweupe kama ukungu. Kila aliyepata kubandika kioo cha ndege kwa supa gluu anaujua ukungu huo na ameujutia. Ndani ya tundu la taa, mvuke hauna pa kwenda, hivyo hutua mahali pale pale ambapo nuru ilipaswa kupita. Bali ubaya wake mwingine ni mzito zaidi. Akriliki iliyopindwa ina mkazo ndani yake, na kemikali za namna hii zikiifikia akriliki iliyo katika mkazo huifanya ipasuke nyufa ndogo ndogo zisizoonekana kwa urahisi, ikawa kavu na ya kuvunjika kama bua. Uzi uliokuwa ukikunjika kidoleni bila kulalamika huvunjika sasa kwa kuguswa, nao huvunjika wapi? Huvunjika kwenye mdomo wa tundu hasa, palipo na gundi nyingi na pindo la kwanza, mahali ambapo huwezi kuuchomoa, wala kuukata upya, wala kutia mwingine, kwa sababu kipande chake kimekwama ndani ya taa. Kuna wanaotumia mrija ule unaojikaza kwa joto ili kuukwepa ubaya wa gundi, nao pia wahadhari: akriliki hulainika kwenye joto la digrii 100 hivi za Selsiasi, na hewa ya moto inayotosha kuukaza mrija yaweza pia kuukunja na kuunyonga uzi uliomo ndani yake.

Badala ya hayo yote napendekeza kitu duni mno, kiasi kwamba nadhani uduni wake ndio uliokinyima heshima: kipande cha mrija mweusi, au cha shaba, chenye uwazi wa milimita 5 na urefu wa sentimita 3 hivi. Zikusanye nyuzi zako zote za upande mmoja wa meli, zifunge kwa uzi wa kushonea, zipake gundi ya epoksi isiyokauka kwa haraka katika sentimita 2 za mwisho, ziingize katika mrija na uziache usiku kucha zigandamane kuwa kitu kimoja. Kesho yake kata ncha ya fungu kwa wembe mpya, kisha isugue juu ya msasa uliolowa maji, kuanzia namba 400, kwenda 1000, na kumalizia 2000, ukizungusha mkono kwa upole, mpaka uso wa fungu uwe bapa na wa kung'aa. Katika kazi hii nzima hakuna saa inayolipa zaidi ya saa hiyo ya msasa, na hakuna inayorukwa zaidi. Uzi uliokatwa kwa mkasi na kuachwa na mdomo uliopondeka hupoteza nuru kuliko hewa yote wanayoiogopa wenzetu. Kisha itie taa kutokea upande wa pili wa mrija, nzima, na kuba lake juu yake, uiache umbali wa milimita 3 mpaka 5 kutoka uso wa fungu ili mwale upate nafasi ya kutanuka uzifikie nyuzi za pembeni kama za katikati, na uishike kwa tone moja la gundi nyeupe ya mbao kwenye ukingo, gundi ambayo kisu huing'oa siku ikihitajika.

Tazama hesabu yake. Uso wa mrija wa milimita 5 ni mara 100 ya uso wa uzi wa nusu milimita, na ukiondoa mianya inayobaki kati ya duara na duara, nyuzi 70 hivi huingia pasipo kusongamana. Za robo milimita zaidi ya 250. Taa moja, rezista moja, nyaya mbili. Wale wa keekee, kwa nyuzi hizo 70, watahitaji taa ngapi? Tundu moja la milimita 2 halichukui nyuzi za nusu milimita zaidi ya dazeni moja kwa raha, na kila taa iongezwayo ni viungo vya lehemu viwili zaidi, na mkondo wa miliampea 20 zaidi unaoitwa kutoka katika betri. Ndipo utakapowaona wakilalamika kwamba betri haidumu.

Na tuchukue chombo kinachoundwa na wengi duniani, tusije tukasema hewani. Titanic ilikuwa na urefu wa mita 269, kwa hiyo mfano wake katika kipimo cha 1/350 una sentimita 77, na dirisha la duara lenye kipenyo cha sentimita 30, katika kipimo hicho, halifiki milimita 0.9. Uzi wa milimita 0.75 hulijaza dirisha kama hilo kwa uzuri. Wa robo milimita ungekuwa sawa na taa ya kipenyo kisichozidi sentimita 9, wa kufaa mlingotini na si ubavuni. Meli yenyewe, ile ya chuma, ilikuwa na mashine kuu nne za umeme, kila moja ya kilowati 400, na wahandisi wake walibaki nazo usiku ule wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, taa zikaendelea kuwaka hata dakika chache kabla ya chombo kuzama. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa waunzi wake walikuwa wameacha njia ya kuifikia mitambo. Muunda mfano, ambaye hana barafu wala bahari ya kumtisha, anazigundisha sitaha zake moja juu ya nyingine, akaizika taa ndani ya ngama pasipo mlango, na kichwani mwa taa hiyo amekwisha kuzikwamisha nyuzi ambazo zimekwamishwa pia kwenye madirisha. Hapo ndipo palipo kiini cha shitaka langu. Uzi wa nuru haufi kwa umeme, kwa kuwa hauna umeme. Ukiachwa pasipo joto na kemikali utaishi muda wote wa mfano. Taa hufa. Kukifunga kisichokufa na kinachokufa kwa kifungo kisichofunguliwa ni kumhukumu wa kwanza afe siku ya wa pili.

Najua jawabu linalongojwa hapa, nalo ni kwamba LED huishi saa 50,000, kwa hiyo hakuna haja ya mlango. Namba hiyo husomwa juu ya pakiti na kukaririwa kama aya. Ni namba ya taa inayopewa mkondo wake halali, katika joto halali, na kwa kawaida ni hesabu ya taa kubwa za kuangazia nyumba na njia, si ya LED nyeupe za milimita 5 za bei ya shilingi chache, ambazo utomvu wake huchakaa na nuru yake hufifia mapema zaidi. Tena taa si kichembe peke yake. Kuna lehemu, kuna waya uliovutwa, kuna rezista iliyokadiriwa kwa kubahatisha. Mwenye betri ya volti 9 na taa nyeupe inayotaka volti 3.2 anabakiwa na volti 5.8 za kuzuia. Akizigawa kwa ampea 0.02 anapata omu 290, basi rezista ya omu 330 inamtosha na kumwachia salama. Lakini wangapi hufanya hesabu hiyo? Wengi huweka rezista iliyokuwamo kwenye kijaluba, taa ikang'aa kupita kiasi, wakafurahi, na saa 50,000 zikawa mia kadhaa.

Wapo vilevile wanaosema kwamba ubishi wote huu umepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi zinapatikana LED ndogo mno, zenye urefu wa milimita 1 na upana wa nusu yake, ambazo zaweza kuwekwa nyuma ya kila dirisha pasipo uzi wowote. Kwa taa mbili au tatu za mlingotini sina ugomvi nao, tena kwa uzi mmoja pekee nawaambia watoboaji waende huko badala ya kutoboa. Kwa madirisha mia, kila moja na nyaya zake mbili nyembamba kama unywele, nawatakia subira ya Ayubu.

Kuna jambo moja limebaki, nalo nitalipita kwa haraka. Tamaa ya nuru nyingi, ambayo ndiyo mama wa keekee, ni tamaa iliyopotoka tangu asili yake. Taa za Titanic zilikuwa za waya unaowaka ndani ya kioo, zenye rangi ya manjano na upole. Mfano unaotoa madirishani miali myeupe ya kuumiza macho haufanani na meli bali na kibanda cha kuuzia simu. Nunua LED nyeupe yenye rangi ya joto, ile inayoandikwa 2700 au 3000, na kama nuru bado ni kali ongeza rezista, usiongeze taa. Fundi aliye na nuru ya ziada ya kupunguza hana sababu hata moja ya kutoboa kuipata zaidi.

Basi nawasihi wale wanaowafundisha wengine kazi hii, kwa heshima ya umri na ustadi wao, waiondoe keekee katika somo la kwanza na waweke mahali pake msasa na mrija. Na wewe unayeanza leo, uliyekwisha kununua sanduku lako na kuikata plastiki yake ya kwanza, kabla hujagundisha sitaha ya juu, tengeneza chini ya mfano, au kwenye kibao unapokaa, mlango wa kupitisha vidole viwili, na hakikisha kwamba mrija wako wenye taa unafikika kutoka hapo. Iwashe usiku kucha. Ikizimika, itoe, utie nyingine, kisha ndipo ufunge sitaha.